Mkwe Wangu na Bomba Lenye Jicho

Katika miaka yote niliyomfahamu mkwe wangu, mama wa mke wangu, hatukuwahi kushikana mikono. Si kwamba tulikuwa na ugomvi. Kwetu Usukumani, hasa kwa watu wa rika lake, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni, huketi naye mkeka mmoja, huli naye chungu kimoja, na mkikutana kwenye njia nyembamba ya ng'ombe unampisha, unasimama majanini umegeuza uso mpaka apite. Vijana wa sasa wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Siwalaumu. Nasimulia tulivyokuwa sisi.

Kitu pekee kilichopita kati yake na mimi kilikuwa maji. Nilipofika kwake Mwamapalala, kabla ya chakula, alitoka jikoni na beseni mkono mmoja na kata ya kibuyu mkono wa pili. Akina mama wengine walituma watoto wawanawishe wakwe zao, na majirani walimsema kwa kujitokeza mwenyewe. Aliwajibu kwamba kupeleka ugali ni kazi ya watoto, lakini mtu aliyemwoa binti yake atanawishwa na yeye. Alipiga goti, akageuza uso kuelekea kihenge cha mtama, akamimina bila kunitazama. Nikiwa nimetoka kusukuma gari la marobota ya pamba, mikono imejaa vumbi na grisi, maji yalikuja mengi. Nikiwa nimeshuka kwenye basi, karani wa watu na shati langu, yalikuja kidogo. Alijuaje, wakati macho yake yalikuwa kwenye kihenge, sijui. Nadhani alisikia hatua zangu, au alinusa.

Wakati mwingine alikosea. Mara moja alinilowesha mkono wa shati jeupe hadi kwenye kiwiko, siku ambayo nilikuwa na wageni kutoka ofisini. Mke wangu akatazama chini, wageni wakajifanya wanaangalia ng'ombe. Yeye akaigombeza ile kata, akaiambia kwamba imezeeka na haina adabu, na akaendelea kumimina.

Alikuwa na tabia ya kusema na vitu. Kwa kuwa hakupaswa kunisemesha moja kwa moja, alichagua mtu wa kupitisha maneno, na kama mtu hakuwepo alichagua chochote kilichokuwa karibu. Ndama ndiye alikuwa mjumbe wake mkubwa. Nikichelewa kuamka, ningesikia nje ya dirisha akimuuliza ndama kama huko mjini watu wanalipwa kwa kulala. Nikikataa kuongezewa chakula, alimwambia ndama kwamba inaonekana mgeni ameogopa nsansa, majani makavu ya kunde aliyoyapika na karanga, na ndama asimcheke kwa sababu si kosa lake, amelelewa na mishahara. Mimi nami nilimjibu ndama. Nilimwambia amwambie Mayu kwamba nimeshiba. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na hilo ndilo jina pekee nililomwita. Tuliongea hivyo mambo makubwa na madogo: ndoa za watoto, ukame, kifo cha mume wake. Siku ya msiba ule hakukuwa na ndama karibu, akauambia ukuta kwamba ukuta umwambie mkwilima wake, yaani mimi mume wa binti yake, ale, asije akaanguka na yeye wakawa na maiti wawili.

Watu waliomjua kwa mbali walidhani ni mkali. Alikuwa mkali kwa maji. Alikulia mahali ambapo kiangazi wanawake huchimba mchanga wa mto uliokauka, wanakaa pembeni ya shimo wanasubiri maji yajikusanye, wanayachota kwa kata kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Mtoto akimwaga maji uani bila sababu, alimwita aje ayaokote. Mtoto alihangaika na udongo wenye maji mkononi, analia, na bibi yake anamwambia taratibu kwamba anasubiri. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mche wa mpapai. Maji ya kuogea yalikwenda kwenye mche wa mpapai. Mpapai ule haukuwahi kuzaa hata siku moja, na alipoambiwa aukate alisema umekunywa mengi mno, hauwezi kukatwa.

Hapo hapo mtu huyu wa kubana maji aliyatumia ovyo kwenye mikono ya wageni. Alimnawisha mgeni kabla ya kula na baada ya kula, na akiona mgeni ni mwongeaji alimnawisha katikati ili anyamaze kidogo. Aliwakataza binti zake kucheka kwa sauti mbele ya watu, lakini akisikia kisa cha mkwe wa jirani aliyeanguka kwenye lambo la ng'ombe na suti yake ya harusi, alijifunika kanga usoni na mabega yakatetemeka mpaka akakaa chini. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, rozari shingoni, na ng'ombe wake wote walikuwa na kijiti cha dawa kilichofungwa kwenye kamba ya shingo. Padri alipomuuliza, alisema ng'ombe hawajabatizwa.

Jambo moja zaidi juu ya mikono yake, maana bila hilo habari yote haitaeleweka. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili iliyoungana, viganja vimekunjwa kama bakuli. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha. Chumvi, sabuni, dawa, nauli, hata kikombe chenye mkono wake wa kushikia, alivipokea hivyo. Kanisani alipokea Ekaristi hivyo. Mvua ya kwanza ya msimu ikidondoka alitoka nje akasimama na viganja vyake mbele, kama mtu anayepewa kitu na mtu mkubwa. Mtu aliyepokea kwa mkono mmoja mbele yake alirudishwa apokee upya. Mimi nilirudishwa, kupitia ndama.

Alipopata ugonjwa wa sukari, kidonda kikatokea chini ya mguu wa kulia na hakikupona. Zahanati ya kwao ikamwandikia aende hospitali Bariadi, na huko wakasema kidonda kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja, kwa muda mrefu, na kuangaliwa sana. Kutoka Mwamapalala kuja mjini kila mara kwa bodaboda, kwa barabara ile na mguu ule, haikuwezekana. Ilibidi akae kwangu, hapo Bariadi mjini.

Hilo lilikuwa zito kuliko kidonda. Mama mkwe kulala kwa mkwilima wake, aamke asubuhi akutane naye na mswaki mdomoni, kwake lilikuwa jambo lisilofikirika. Mashemeji zangu wawili, kaka za mke wangu, walimbembeleza wiki nzima. Alisema afadhali mguu uoze kwenye nyumba yake. Mwishowe tulipata njia: uani kwangu kuna chumba cha pembeni chenye mlango wake, kinatazama upande wa jirani. Angelala humo. Mimi nisipite upande ule. Chakula angepelekewa, isipokuwa Jumapili ambapo angekuja sebuleni kwa muda mfupi kama mgeni. Alikubali. Mke wangu alilia kwa furaha, maana daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba mama akihudhuria bila kukosa mguu utabaki, na asipohudhuria hakuna ahadi.

Alihudhuria. Majuma ya kwanza kidonda kilianza kufunga pembeni. Nilisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta akiongea na kuku wangu, akiwaambia kwamba nyumba hii si mbaya, ila mwenye nyumba anakohoa sana asubuhi, aache sigara. Niliacha. Sikuwahi kumwambia.

Sasa habari ya bomba. Mwanangu mkubwa, Masanja, anafanya kazi Mwanza ya kufunga mabomba kwenye hoteli. Alikuja na bomba la kunawia mikono ambalo haliguswi. Halina koki. Lina kijicho cheusi chini ya shingo, linatumia betri, na ukiweka mkono chini yake linaona na kutoa maji. Ukiondoa, linafunga. Zaidi ya hapo, alinieleza, hili linatambua ni kitu gani kimewekwa. Likiona vidole linatoa maji membamba ya kunawa. Likiona chombo, sufuria au bakuli, linafungulia kwa nguvu zote kijae upesi. Akalifunga kwenye sinki sebuleni, akaliunganisha na simtanki letu la juu ya mnara, ambalo lilikuwa limejaa, na maji yalikuwa na msukumo mzuri.

Nililipenda bomba lile kuliko mtu mzima anavyopaswa kupenda bomba. Nilistaafu ukarani bila gari na bila kuitwa mheshimiwa, na sasa majirani walikuja kwangu kunawa mikono isiyokuwa michafu. Niliwasimamia. Niliweka kidole, kisha sufuria, wakasikia tofauti ya maji, wakasema duh. Watoto waliliita bomba la jicho. Mke wangu alisema tu kwamba nitamaliza betri.

Jumapili moja jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu kumwombea mgonjwa. Baada ya sala kulikuwa na chakula. Mkwe wangu alikuja sebuleni kwa mlango wa uani, amevaa kanga mpya, anatembea kwa fimbo, akaketi karibu na mlango na uso wake umeelekea ukutani. Mke wangu akaleta jagi na beseni amnawishe mama yake. Nikamwambia arudishe. Nilisema, kwa sauti ya mwenye nyumba, kwamba leo Mayu atanawa bombani kama sisi wote, na kwamba hili halitaki kuguswa, kwa hiyo hata kwa desturi zetu linafaa. Nilijiona nimesema jambo la akili. Wageni walikubali. Mke wangu alisimama na jagi lake, akanitazama, akalirudisha.

Mkwe wangu alinyanyuka polepole. Mwanamke mmoja alimshika kiwiko akamfikisha kwenye sinki. Akaliuliza bomba, kwa Kisukuma, kama lilikuwa linamwangalia. Watu wakatabasamu. Kisha akafanya alivyofanya maisha yake yote mtu alipotaka kumpa kitu. Aliunganisha mikono miwili, akakunja viganja, akaviweka chini ya bomba apokee.

Bomba likaona bakuli.

Maji yalishuka kwa nguvu zote, yakagonga viganja, yakaruka. Yalimpiga kifuani, tumboni, mapajani. Alirudi nyuma akakanyagia mguu wenye kidonda, akashika ukuta. Kanga mpya ikashikamana na mwili wake wote, na umbo la mwanamke mzee likaonekana, mama wa mke wangu, mbele ya wageni na mbele yangu. Wakati huo mtu mwenye adabu anageuka. Anatoka nje. Mimi nilimtazama, nikacheka. Si kicheko cha kuguna, nilicheka kwa sauti mpaka nikashika kiti. Wageni, wakiona mwenye nyumba anacheka, nao wakacheka.

Yeye alibaki na viganja vyake vimeungana, maji yanachuruzika, uso ukutani. Akauambia ukuta, "Maji ya nyumba hii yana nguvu." Mke wangu akamfunika kwa kitambaa cha meza akamtoa nje. Hakula. Alituma salamu kwamba wageni wasikatize chakula kwa ajili yake.

Asubuhi chumba cha uani kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Jirani alisema alimwona akipanda bodaboda wakati majogoo bado wanawika. Mke wangu aliingia ndani, akanikuta nakunywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu Masanja azaliwe hakuniita Baba Masanja.

"Wewe," alisema. "Umemwona mama yangu amelowa, ukacheka."

Nilimwambia ni bomba, ni ajali, hata wageni walicheka. Nilimwambia mama yake atarudi akipoa, siku ya kliniki ni kesho. Hakurudi. Mashemeji walipiga simu kwamba amekataa, na hasemi kwa nini, ila amesema mjini hakuna mahali pa yeye kukaa.

Mtu aliyemkosea mkwe kwetu anajua la kufanya. Anatafuta mzee wa kumsindikiza, anachukua mbuzi, anakwenda, anakaa chini, anasema kosa lake kwa mdomo wake. Nilijua. Nilijiambia nikishauza pamba ya shamba letu la Kasoli nitakwenda. Kisha nikajiambia njia imeharibika kwa mvua. Kisha nikajiambia kwenda na mbuzi kwa ajili ya maji ni kulikuza jambo. Ukweli ni kwamba niliona aibu ya kulitaja kosa lile mbele ya wazee: nilimtazama, nikacheka. Nilipokuwa nachelewa, yeye alikuwa anafunga mguu kwa majani na kwenda zahanati alipojisikia. Kidonda kikapanda. Walipompeleka Mwanza, mguu ukakatwa chini ya goti. Mke wangu alikaa naye huko, na aliporudi alinieleza habari za hospitali kana kwamba anamweleza mpangaji.

Ndipo nikaenda na mbuzi.

Nilikwenda na shemeji zangu wote wawili, kwa kuwa nilikuwa sina uso wa kumwomba mzee mwingine. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, kanga imefunika miguu, mahali pa mguu wa kulia kanga imelala bapa. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti mbali kidogo nikageuza uso.

"Mwadila, Mayu," nikamsalimu.

"Mwadila," aliujibu ukuta. Kisha akamgeukia mbuzi. Alimuuliza ameletwa kwa kosa gani, maana yeye mbuzi haonekani kuwa na hatia. Shemeji mdogo akacheka, nami nikapata nguvu kidogo. Mbuzi alikuwa anavuta kamba anataka kula michembe ya viazi iliyoanikwa juani, kwa hiyo mashemeji wakamkokota nyuma ya nyumba kumfunga. Wakachelewa. Nilisikia wanabishana naye.

Tukabaki wawili, bila mtu wala mnyama kati yetu. Nilikuwa natazama chini, nikaona kivuli chake kinasogea. Nikainua macho. Alikuwa amenigeuzia uso. Sikuwa nimewahi kuuona uso ule kutoka mbele. Ulikuwa na doa jeusi kando ya pua, kama la mke wangu, na nilikuwa nimeishi na doa lile la mke wangu karibu maisha yangu yote bila kujua limetoka wapi.

"Baba Masanja," alisema. Alikuwa ananisemesha mimi. "Siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Maneno niliyoyaandaa njiani yalikuwa ya kusemwa mbele ya watu: nimekosa, naomba radhi, pokeeni mbuzi. Kwa swali sikujiandaa. Na jibu nililijua. Nilimcheka yeye. Nilimcheka bibi wa kijijini aliyekwenda kupokea maji bombani kwa heshima kama anapewa zawadi. Nilicheka kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa bomba lile na yeye hakuwa.

"Nilicheka bomba, Mayu," nikasema. "Halijui tofauti ya mikono na bakuli."

"Bomba."

"Ndiyo, Mayu. Lile bomba tu."

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu anayetua mzigo, nami nikadhani nimefanya vizuri.

"Mimi nilidhani umenicheka mimi," alisema. Alishusha mkono, akalaza kiganja pale kanga ilipokuwa bapa, akapapasa. "Kumbe mguu huu nimeupoteza bure. Kwa ujinga wangu."

Nilikuwa na nafasi. Mbuzi alikuwa bado analia nyuma ya nyumba, mashemeji hawajarudi, na yeye alikuwa bado amenigeuzia uso, anasubiri, labda, nimwambie kwamba sivyo. Kisha zikasikika sauti zao zikikaribia, wanacheka kwamba mbuzi wa karani ni mbishi kama karani mwenyewe. Akajitanda kanga yake vizuri, akarudisha uso ukutani.

Alifariki kabla pamba ya msimu uliofuata haijapasuka. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake alikufa akijilaumu, na kwamba hakuelewa anajilaumu nini.